Blangeti la Maskati

Kwetu Unguja hakuna baridi. Hata kusi likivuma Julai, mtu akijifunika shuka mbili jirani humwuliza kama ana homa. Lakini ingia nyumba yoyote yenye jamaa Oman, utaliona juu ya kabati: blangeti la Maskati, zito, la manyoya, lina picha ya chui au mawaridi, limo ndani ya mfuko wake wa nailoni wenye zipu na halijafunguliwa tangu siku lilipoletwa. Mama mkwe wangu anayo matatu. Likizo ya Disemba tulipopata safari ya kwenda kumtembelea Khaloo wa mke wangu, yaani dada wa mama yake, huko Maskati, mama mkwe akaagiza la nne.

Kwa hiyo siku tuliyokwenda kutembea Matrah, mtaa wa kale wa bandarini Maskati, mimi ndiye niliyekuwa mbeba blangeti. Nataka hilo lijulikane mapema, maana mke wangu akihadithia huanzia katikati.

Khaloo alirudi Oman na wazee wake miaka ya 1970, baada ya Sultani Qaboos kushika nchi na kuwafungulia mlango Waomani waliokuwa ng'ambo. Ratiba ya siku aliipanga yeye. Asubuhi soko la samaki pale pwani, lile jengo jipya jeupe la mwaka 2017, ambako alimbana mwuza nguru mpaka nikamwonea huruma. Mchana kula na kupumzika, kwa sababu maduka mengi ya Matrah hufungwa jua likiwa kali na kufunguliwa tena jioni. Baada ya alasiri, Suku lenyewe, yaani soko la Matrah. Na kabla hatujashuka garini akatupa onyo moja.

"Humu ndani msimsengenye mtu kwa Kiswahili. Nusu ya watu wanakusikieni, na nusu iliyobaki ni jamaa zenu."

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka.

Asiyewahi kuingia soko la Matrah ajue kwamba mlango wake mkuu uko barabara ya pwani, unatazama bandari, na ukishauvuka unamezwa. Vichochoro vimeezekwa juu, vinapinda, vinagawanyika, vinapanda mlima kidogo kidogo. Wenyewe jina lake la zamani wanaliita Suku la Giza, kwa kuwa jua lilikuwa halifiki chini na watu walitembea na taa. Siku hizi taa ziko tele, lakini moshi wa ubani umechukua nafasi ya giza. Kila duka la pili limeweka chetezo mlangoni, na kila mwenye chetezo anataka unuse ubani wake wa Dhofar: huu mweupe, huu wa kijani ndio bora, huu unatafunwa. Kisha majambia, fedha, udi, na kofia zilizotariziwa vitobo kwa mkono ambazo mzee yeyote wa Forodhani angezitambua kwa mbali. Ongeza watalii walioshuka kwenye meli, wanasimama ghafla katikati ya njia kupiga picha.

Blangeti tulilipata kwenye duka la vitambaa. Mwenye duka alianza na riyali kumi na mbili, mke wangu akamshusha hadi tisa. Mimi nikasikia tisa. Tisa ni kitu gani? Nikatoa. Riyali moja ya Oman inapita dola mbili na nusu, na hesabu hiyo niliikamilisha kichwani baada ya hatua hamsini hivi, blangeti likiwa begani. Hapo ndipo nilipoanza kunung'unika.

Sasa nieleze jinsi dunia inavyoonekana kwa mtu aliyebeba blangeti la Maskati. Haionekani. Ukilitia bega la kulia, upande wa kulia umekwisha. Ule mfuko wa nailoni unateleza, kwa hiyo unainamisha kichwa kuubana kwa shavu, na ukishainamisha kichwa unachobaki kukiona ni sakafu na miguu ya watu. Nilichokuwa nakifuata mimi kilikuwa pindo la buibui la mke wangu: jeusi, lina mistari miwili ya fedha na shanga ndogo ndogo katikati. Nililinunua mwenyewe Darajani na bei yake naikumbuka. Pindo likienda, nakwenda. Likisimama, nasimama.

Pale njia inapogawanyika karibu na maduka ya dhahabu, pindo lilisimama. Nikatumia nafasi hiyo kuhamishia blangeti bega la kushoto. Kazi ile haichukui hata nusu dakika. Nilipomaliza, pindo lilikuwa pale pale, mistari miwili ya fedha, shanga katikati. Likaanza kwenda. Nikafuata.

Na kwa kuwa nilikuwa na la kusema, nikalisema.

"Mama yako ana mablangeti matatu," nikaanza, taratibu, watu wasisikie. "Matatu! Nani analala humo? Chui?"

Pindo halikujibu. Mke wangu akikasirika huwa hajibu, kwa hiyo sikuona ajabu.

"Na huyu Khaloo wako naye. Kutwa anatuzungusha kwa miguu. Pilau lenyewe alilotupikia jana halina chumvi. Wewe ulikula ukasema tamu. Nilikuona. Ulikuwa unameza kwa maji."

Pindo likaingia duka la ubani. Nikasimama nje, na moshi ukanisimamia usoni. Lilipotoka, mkono ukarudi nyuma bila mwenyewe kugeuka, una mifuko miwili. Nikaipokea. Duka la pili, mkono tena: chetezo cha udongo, kimefungwa gazeti. Nikakipokea kwa kidole kilichobaki. Duka la tatu, boksi la halua. Nikasema, "Endelea tu, mimi si ngamia wako?" nikapokea na hilo.

Watoto nao walikuwa kimya kabisa nyuma yangu, hawaombi sharubati, hawagombani. Nikamshukuru Mungu. Baba wa watoto watatu akisikia kimya anatakiwa ashtuke, lakini kwa uzito ule akili haifanyi kazi zote.

Tukapanda kichochoro, tukatoka upande wa nyuma wa soko penye magari. Nikajua tumekata njia. Mbele yetu Land Cruiser nyeupe, na kijana mwenye kanzu na kofia amekwisha fungua buti. Hajanisalimia wala hajaniuliza. Akachukua mifuko, akachukua chetezo, akalivuta blangeti begani kwangu akalisukumia ndani. Shingo yangu ikanyooka. Na mkono ule ule ukaja, safari hii mbele, una noti ya nusu riyali.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akupe nguvu."

Nikainua macho. Bibi wa miaka kama sabini, miwani ya dhahabu, jino moja la dhahabu pembeni.

"Bibi," nikasema, "shikamoo."

"Marahaba. Nimekisikia Kiswahili chako njia nzima, nikadhani unazungumza na simu."

"Bibi, nilikuwa nazungumza na mke wangu."

Akaangalia nyuma yangu. Nami nikaangalia nyuma yangu. Palikuwa na paka.

Kumbe yeye alikuwa amemwambia mwenye duka la dhahabu ampatie mtu wa kumbebea mizigo mpaka garini. Alipogeuka kidogo akaona mwanamume kasimama nyuma yake, kainama, ana mzigo begani. Mtu angetaka ushahidi gani zaidi? Alicheka mpaka akaegemea gari. Mwanawe naye akacheka, kwa adabu, akitazama pembeni.

Sasa, Mzanzibari akikutana na Mzanzibari, hata nyumba ikiungua lazima kwanza wajuane. "Kwenu wapi?" "Unguja, bibi." "Unguja kubwa. Mtaa?" Nikasema mimi wa Kikwajuni, mke wangu kwao Mkunazini. Ah! Yeye kazaliwa Malindi, kasoma na watu wa Mkunazini, ilikuwako nyumba moja yenye baraza refu, je bado ipo? Nikasema ipo, imepakwa rangi. Rangi gani? Tukaenda hivyo. Nusu riyali nikairudisha, akakataa. Nikairudisha tena, akanitilia mfukoni na boksi la halua akanipa. "Mpelekee mkeo, umwombe radhi." Akapanda, kijana akapiga honi, gari likashuka.

Lilipokata kona ndipo nilipohisi wepesi begani.

Simu yangu haikuwa na laini ya kule. Ilikuwa ikiamka nyumbani kwa Khaloo tu, kwenye waifai. Nikarudi sokoni kwa miguu, nikaulizia mlango wa pwani, na nilipofika chini ya kuba la mlangoni niliwakuta wote wamesimama. Watoto wanakula aiskrimu. Mke wangu hali kitu.

Nisichokijua ni kwamba alikuwa amekwisha fanya upelelezi. Alipitia duka kwa duka, Khaloo akimwulizia kwa Kiarabu na kwa Kihindi chake cha sokoni: mmemwona mwanamume ana blangeti? Wamemwona wote. Mwuza kofia alisema kapita na mama mmoja. Mwuza ubani alisema anambebea vitu vyake. Wa halua, ambaye sijui nilimkosea nini, akaongeza kwamba walikuwa wakizungumza sana, hasa yule bwana. Na Khaloo alikuwa akiyatafsiri yote hayo neno kwa neno, bila kupunguza.

"Blangeti liko wapi?" mke wangu akauliza.

"Limekwenda."

"Limekwenda na nani?"

"Na yule mama."

"Mama gani?"

"Sikumwuliza jina."

"Hiyo halua?"

"Kanipa yeye."

Yule mtoto wetu mdogo, ambaye namsomesha kwa jasho langu, akanichomoa mkono mfukoni akasema, "Baba ana na pesa!"

Nikaeleza. Nikaeleza pindo, mistari ya fedha, shanga, bega la kulia na la kushoto. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu, na analiuliza mpaka leo: "Na viatu vyangu je? Hujui viatu vyangu?"

Khaloo yeye alishika simu. Land Cruiser nyeupe Maskati haimsaidii mtu, lakini bibi wa Malindi mwenye jino la dhahabu ni habari nyingine. Akapiga kwa mmoja, huyo akamtaja mwingine, na kabla ya adhana ya isha blangeti lilikuwa limepatikana likiwa ndani ya buti bado, na sisi tumealikwa chakula Ijumaa. Kulipokucha nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yangu mzazi, Kikwajuni, anauliza ni kweli nimepata kazi ya uhamali, na mshahara ni kiasi gani.

Ijumaa tukaenda. Sinia zikateremshwa, pilau la nyama, kachumbari, ndizi. Bibi akakaa karibu na Khaloo, wakawa wameshikana mikono, wanatajiana marehemu. Mimi nilijipa kazi ya kuwalisha watoto ili nisitazamane na mtu. Haikusaidia.

"Kula, mwanangu," bibi akaniambia, anatabasamu na lile jino. "Langu lina chumvi."

Kijiko cha Khaloo kikasimama hewani. "Kwani la nani halina?"

"Nasema tu," bibi akajibu, akaninyoshea ndizi.

Nilikula ndizi ile kwa muda mrefu sana.

Wakati wa kuaga, bibi alivaa buibui lake atusindikize, na hapo ndipo haki yangu ilipodhihiri. Wakasimama yeye na mke wangu bega kwa bega mlangoni: mistari miwili ya fedha, shanga katikati, pindo moja. Nikawaita wote waje waone. Nikawaonyesha watoto. Nikamwonyesha Khaloo. Nikasema, haya, nani angejua?

Mke wangu akatazama chini. Mlangoni pale palikuwa na fungu la viatu vya wanawake wa nyumba nzima na wageni wao, ndara nyeusi kwa ndara nyeusi.

"Sawa," akasema. "Nitolee vyangu."

Watu wakanyamaza. Nikachuchumaa. Nikatazama vizuri, sina haraka, sina mzigo begani, macho yangu mawili yote yanafanya kazi. Nikachagua jozi moja nikamwekea miguuni kwa heshima.

Mkwe wa yule bibi akaja, akasema samahani, akavivaa, akaenda zake kumwaga takataka.