Vank bila watu wake

Mwandishi wa makala kuhusu Gandzasar, monasteri ya Kiarmenia katika eneo la Nagorno-Karabakh huko Azerbaijan, ameieleza vizuri, ila hapo anaposema iko salama kwa kuwa kuta zimesimama, sikubaliani naye kabisa. Kanisa lile la Yohana Mbatizaji lilianza kujengwa 1216 chini ya mtawala Hasan-Jalal, likawekwa wakfu 1240. Kijiji cha Vank kiko mteremkoni chini yake, na wanakijiji ndio waliobatiza watoto na kufunga ndoa pale. Septemba 2023, baada ya shambulio la Azerbaijan, Waarmenia zaidi ya 100,000 waliihama Nagorno-Karabakh ndani ya siku chache. Sasa nani anasali humo?

Kisheria ardhi ni ya Azerbaijan, silipingi hilo, na Waazerbaijani waliofukuzwa miaka ya 1990 nao waliumia sana. Lakini kudai kanisa ni la Waalbania wa Kaukazi (wale wa kale, si hawa wa Balkani) na Waarmenia hawahusiki, ilhali maandishi yaliyochongwa ukutani ni ya Kiarmenia, ni kufuta historia mchana kweupe. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiagiza Azerbaijan Desemba 2021 izuie uharibifu wa makanisa ya Kiarmenia. Wataalamu wa UNESCO waruhusiwe kukagua, na watu wa Vank wanaotaka kurudi wahakikishiwe usalama.