Kijana, Barua Yangu Iko Wapi?

Saa kumi na mbili na robo asubuhi simu inaita. Mswaki sijashika. Ni mama mwenye duka la dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, barua yangu ya Mumbai iko wapi?"

Anauliza kwa ile sauti ya mtu aliyekukuta unatoka jikoni kwake unajifuta mdomo.

Ndugu zangu, mimi nina seva moja, yaani kompyuta ya kupokelea barua pepe za watu. Moja tu, na yenyewe nimekodi. Juu yake nimepangisha domeni tatu, yale majina yanayokaa baada ya @ kwenye anwani: ya duka la dawa, ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini na ya Saccos. Wote wananilipa mwisho wa mwezi, yaani wote huniambia watanilipa mwisho wa mwezi. Na wote wana ombi moja: "Fundi, tuzuilie zile barua za kipumbavu." Ukiuliza ya kipumbavu ni ipi, mtu anakuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyeiandika.

Chujio langu ni SpamAssassin. La siku nyingi, tangu 2001, ila linapiga kazi. Lenyewe halihukumu kwa kosa moja, linajumlisha kama shangazi anayekagua mchumba. Kichwa cha barua ni herufi kubwa tupu? Alama. Inataja mamilioni ya dola? Alama. Seva iliyoituma ina sifa mbaya mtaani? Alama nyingine. Jumla ikifika 5, barua ni taka. Hiyo 5 imekuja nalo kutoka kiwandani, sikuipanga mimi, lakini matusi yake nayapokea mimi.

Sasa mama, wauzaji wake wa jumla wakimtumia orodha ya bei, ndani kuna Viagra, kuna punguzo, kuna "agiza leo". Kwa chujio, huyo ni mwizi aliyevaa fulana imeandikwa MWIZI. Alama 9 na ushee, moja kwa moja jalalani. Nikamhurumia mama, nikapandisha kiwango hadi 12 kwa wote. Haijafika magharibi, mwenyekiti wa Saccos, mzee wa swala tano, ananipigia kwa kunong'ona: "Kijana, hizi dawa za kiume nani kakwambia nazihitaji?"

Nikashusha. Asubuhi, mama. Nikapandisha. Jioni, mzee. Wiki nzima nilikuwa kama mtoto aliyegundua swichi ya taa.

Nikaamua liwalo na liwe, kila domeni iwe na mipangilio yake. Unaiweka kwenye databesi, jedwali lenye safu tatu: ya nani, kitu gani, kiasi gani. Mpangilio wa wote unaandikwa $GLOBAL, una alama ya dola mbele. Wa domeni moja unaanza na alama ya asilimia. Wa mtu binafsi unaandikwa kwa jina lake tu. Chujio linaisoma kwa kufuata mpangilio wa kamusi, na itakayosomwa mwisho ndiyo inayoshinda. Katika kamusi ya kompyuta dola inatangulia, asilimia inafuata, jina la mtu liko mkiani. Nilipolielewa hilo nikacheka peke yangu, saa saba usiku. Mama watoto akageuka kitandani.

"Unachati na nani?"

"Dola na asilimia."

"Dola utazitolea wapi wewe. Zima taa."

Nikaandika. Duka la dawa 12, Saccos 4, mizigo 6. Nikalala usingizi wa waziri. Asubuhi hakuna kilichobadilika. Hakuna! Nikawasha upya, nikalaumu databesi, nikalaumu umeme, nikamlaumu hata jirani anayechomelea mageti. Siku ya nne ndipo nikaona: mahali pa kuandika ASC, yaani panda, nilikuwa nimeandika DESC, yaani shuka. Yaani orodha ilikuwa inasomwa kutoka mkiani, watu kwanza, dola mwisho. Dola ikifika inafuta waliyosema wengine wote. Siku tatu za maisha yangu, kwa herufi nne.

Hapo ningeishia, leo ningekuwa na afya njema. Lakini nikasoma kwamba chujio linafundishika. Unalionyesha barua taka 200 na barua nzuri 200, halafu linaanza kutoa maoni yake kwa kuhesabu maneno: hili hukaa zaidi upande gani, lile upande gani. Nikamwambia mama, ukiona ya taka iburute kwenye folda hii, usiku seva itaisoma ijifunze.

Mama akaburuta. Yule mama ana bidii! Siku moja nikaifungua folda nione mwanafunzi wangu anafundishwa nini. Barua ya mwenye jengo, anakumbushia kodi ya fremu. Barua ya mhasibu, makadirio ya kodi. Barua nyingine ya mhasibu, kodi imechelewa. Mwenye jengo tena, safari hii kwa hasira.

"Mama, hizi si taka."

"Kwani mimi nazitaka?"

Nikakosa jibu. Mpaka leo sijalipata.

Sasa Kiswahili chetu, ya nyumba ni kodi, ya serikali ni kodi. Sisi wenyewe tunajua ipi ni ipi kwa kuangalia sura ya anayedai. Chujio halioni sura. Lilichojua ni kwamba neno kodi makazi yake ni jalalani. Na mimi fundi hodari nilikuwa nimetenganisha alama za kila domeni, ubongo nikauacha mmoja kwa wote.

Jumatatu ikamkuta mzee wa mizigo. Yule riziki yake yote ni kodi. Barua za karani wake ndiyo wimbo wenyewe: kodi imelipwa, kodi haijalipwa, kodi ipi tena? Zote jalalani. Kontena limekaa bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, na kilichomzuia ni mama wa dawa asiyetaka kumlipa mwenye jengo. Akanipigia bila salamu.

"Wewe dogo, unanijua?"

Namjua. Ndiyo maana nilizima simu.

Nikaugawa ubongo, kila domeni na wake. Maana yake kila mmoja anaanza upya kuhesabu 200 na 200. Mama upande wa taka alishamaliza ndani ya wiki. Upande wa barua nzuri hajafikisha hata arobaini, kwa hiyo ubongo wake umekaa kimya unasubiri. Sijamwambia. Wala sina haraka.

Kuna na lile la barua moja yenye wapokeaji wawili. Mama anaagiza dawa, mzee anamtolea bandarini, muuzaji anawaandikia wote kwa pamoja. Barua inaingia mara moja, inakaguliwa mara moja. Kwa 12 ya mama au kwa 6 ya mzee? Kwangu mimi lilikuwa linamsikiliza aliyetajwa kwanza. Siku akitajwa mama kwanza wanaipata wote, akitajwa mzee kwanza hapati hata mmoja. Nilijaribu kumweleza mzee, akaniuliza kama nimekula.

Basi nikawa najivunia Saccos peke yake. Alama 4, mzee ametulia, dawa za kiume zimekwisha. Juzi akaniita ofisini. Kaprinti barua, kaiweka mezani, miwani juu yake. Naisoma: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja tofauti." Nikatazama imepata alama ngapi. Sifuri nukta tatu! Kanuni za hili chujio nyingi ni za Kiingereza. Linamjua mjane wa jenerali, linaujua urithi ulioko benki, linaijua bahati nasibu usiyocheza. Hiki Kiswahili fasaha limekipisha kama mgeni rasmi.

"Mwenyekiti," nikasema, "leo leo naiandikia kanuni yake. Haitaingia tena."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Isiingie tena, sawa. Sasa, mhasibu wetu alishatuma. Hilo chujio lako litaweza kuirudisha?"

Nikamtazama. Alikuwa ameshika kalamu na shajara, anasubiri nimtajie tarehe.