Makaa Yamepanda Ndege, Mimi Bado

Jamani, mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko Neukölln, hapa Berlin, pua na mdomo na uwanja wa ndege wa Tempelhof. Zamani nilikuwa najisifia hilo. Sasa ni Juni 1949, na mtu akiniuliza naishi wapi namwonyesha tu kwa kidole, maana nikifungua mdomo ndege inakuwa imeshafika.

Balaa lilianza na pesa, kama kawaida ya balaa. Mwezi kama huu mwaka jana, ndani ya wiki moja, tuliletewa pesa mpya za aina mbili. Warusi walichukua noti zile zile kuukuu wakazibandika kikaratasi kwa gundi. Wakubwa wa magharibi, yaani Wamarekani, Waingereza na Wafaransa, nao wakaleta Deutsche Mark, na zetu za Berlin zikagongwa muhuri wa herufi B. Basi mteja ananyolewa vizuri, anajipapasa, anatoa noti ya Mrusi, kikaratasi kimeachia njiani.

"Ndugu yangu, hii ni nini?"

"Si ni pesa hiyo!"

"Ilikuwa."

Tunapiga magoti watu wazima wawili, tunatafuta kikaratasi kwenye lundo la nywele. Siku moja tulikipata, akakirudishia kwa mate, akaniaga kwa heshima zote.

Tarehe 24 Juni Mrusi, aliyeshika mashariki ya mji na nchi yote inayotuzunguka, akafunga reli, barabara na mifereji ya kuja kwetu magharibi, na umeme wa kutoka upande wake akaukata. Watu zaidi ya milioni mbili tumebaki kama kuku ndani ya tenga. Siku mbili baadaye Wamarekani wakaanza kuleta chakula kwa ndege. Nilimwambia mama watoto, tena kwa sauti ya mtu anayejua: "Hawa wamechanganyikiwa. Mji mzima haulishwi kwa ndege. Mimi ni kinyozi, siasa zote za mji huu zinapita mikononi mwangu." Tangu siku hiyo, kila nikitoa maoni juu ya jambo lolote, hata supu, ananikumbusha.

Sasa hebu fikiria kazi yangu. Wembe uko kooni mwa mtu, ndege inapita juu ya paa, vikombe vinacheza, kioo kinacheza, na mteja naye anacheza. Siku za hali nzuri zinakuja kila dakika tatu. Ikabidi nijifunze kunyoa kwa ratiba ya jeshi la anga: inapita, nashusha wembe, shavu la kulia, naisikia inakuja, nainua wembe, nasimama kama sanamu, imepita, shavu la kushoto. Kidevu kinasubiri ndege ya tatu. Na rubani, eti, akikosa kutua mara ya kwanza harudii, anageuza na mzigo wake mpaka alikotoka. Mimi nikikosea mara ya kwanza ni damu, na bado nadaiwa samahani.

Umeme tulipewa kwa mgawo, saa nne kwa siku, mbili mbili, na zamu zilikuwa zinabadilika. Nilikuwa nimenunua mashine ya umeme ya kunyolea, fahari yangu. Ikazimika katikati ya kichwa cha karani mmoja wa posta. Upande mmoja bwana harusi, upande mwingine mkimbizi. Nikamwambia, "Usijali, mzee, zamu yetu nyingine ni saa nane usiku." Akaja kweli, kavaa kofia. Nyumba nzima ilikuwa macho: huyu anapiga pasi, yule anachemsha maji, watoto wanafanya hesabu za shule, na mimi nanyoa nusu ya kichwa iliyobaki. Tulimaliza dakika moja kabla ya giza. Hakunipa hata bakshishi.

Kuhusu makaa, mimi nina donge. Sehemu kubwa ya mizigo yote ilikuwa makaa ya mawe, ndani ya magunia, kwa ndege! Nina umri wa miaka arobaini na sita, nimelipa kodi kwa serikali za kila namna, sijawahi kupanda ndege. Makaa yamepanda. Na yakishuka hayaji kwangu, yanakwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda. Nyumba yetu ilipewa kilo kumi na mbili na nusu kwa kipupwe kizima. Niliyapanga jikoni kama vyombo vya wageni. Miti ya bustani ya Tiergarten ilishakwisha kukatwa, kwa hiyo tuliota moto wa miguu ya meza. Siku hizi tunakula tumesimama.

Chakula je? Viazi vya unga. Wakubwa walipiga hesabu wakaona kiazi kimejaa maji, sasa kwa nini wasafirishe maji angani? Hata mkate hawakuleta, walileta unga tukaoka wenyewe. Mayai ya unga, maziwa ya unga. Nilikuwa nasubiri siku tutakayoletewa na samaki wa unga. Kiazi hicho ukikikoroga kinageuka kitu cha kijivu chenye mabonge, kinanata kuliko gundi ya noti za Mrusi. Chumvi nayo ililetwa na ndege za Waingereza zinazotua majini, pale mto Havel. Nilimweleza mama mkwe kwamba ndege hizo zimetengenezwa kwa ajili ya bahari, kwa hiyo chumvi haizili. Akanitazama sana. "Mkwe wangu, hata ndege imepata kinga. Wewe umekosa hata soksi."

Mama mkwe anaishi nasi, ndiye mnara wetu wa kuongozea ndege. Yumo kitandani, macho kayafumba: "Hiyo ya injini nne." "Hiyo inaondoka tupu." Novemba ukungu uliposhuka, ndege zikawa hazisikiki, na usiku ukawa kimya kabisa. Mimi niliyelalamika miezi mitano kwa makelele, sikupata lepe la usingizi. Nikamkuta mama mkwe kakaa kitini, kajitanda shuka, anasikiliza dirisha. Hatukusemeshana.

Upande wa mashariki walikuwa wanatuita: njoo ujiandikishe huku, upate viazi vibichi na makaa. Wengi hatukwenda. Mimi nilifika mpaka mlangoni kwangu, kofia kichwani. Mama mkwe akauliza, bila kugeuka, naenda wapi. Nikasema nanyoosha miguu.

Hapo hujasikia la chokoleti. Rubani mmoja, Gail Halvorsen, alianza kuwadondoshea watoto peremende kwa viparashuti vya leso. Anatikisa mabawa kwanza, ndipo anadondosha, na watoto wakampa jina la Mjomba Mtikisa Mabawa. Mwanangu wa miaka tisa akarudi siku moja, mdomo umepakaa kahawia: "Baba, nimekubakizia karatasi." Nilinusa karatasi hiyo siku mbili. Jumapili nikasema nitamsindikiza mpaka kwenye uzio, usalama wa mtoto kwanza. Kiparashuti kikaja kinayumba, kinaelekea upande wangu kabisa, na miguu ikaondoka yenyewe. Binti wa miaka kama sita akanipita chini ya kwapa. Yeye akapata chokoleti, mimi nikabaki na leso, na mtaa mzima umeona. Leso ninayo, nafutia wembe.

Wakati wa Pasaka mwaka huu ndiyo walitukomesha: safari 1,398 kwa saa ishirini na nne, karibu tani 13,000. Siku hiyo sikunyoa mtu. Sikuthubutu.

Basi tarehe 12 Mei njia zikafunguliwa. Malori yakaingia yamepambwa maua, tukapiga vigelegele. Hazikupita siku kumi, wafanyakazi wa reli wakagoma, hawataki tena kulipwa pesa ya Mrusi. Siwalaumu, hiyo pesa naijua. Ndege nazo mpaka leo hazijakoma, eti wanajaza akiba, wasije wakafungiwa tena.

Wiki jana nilinunua kilo mbili za viazi vibichi, vina udongo wake. Nikaviweka mezani kama nimeleta mahari. Mama mkwe akakichukua kimoja, akakibonyeza, akakinusa, akakirudisha. Kisha akainama chini ya kitanda akavuta sanduku. Paketi thelathini na nne za viazi vya unga. Alikuwa anaziweka akiba toka Oktoba, sisi tunalala njaa.

"Kwanza tumalize hivi," akasema.

Leo tuko paketi ya tano. Viazi vyangu viko dirishani, vimeanza kuchipua.