Mbwa Kali, Mbwa Mkali

Nilipohamia Nairobi, kitu cha kwanza kunichekesha kilikuwa vibao vya getini. Kwetu Dar es Salaam mwenye mbwa akitaka kukutisha anaandika "Mbwa Mkali", na aliye mstaarabu zaidi huanza na "Tahadhari". Nairobi ni "Mbwa Kali" tu, kuanzia nyumba za kawaida za Parklands hadi mageti ya Muthaiga ambako ukuta unashindana na miti. Nikawa napita nacheka peke yangu: hata mbwa wamemnyima ngeli yake! Niliona ni kosa la sarufi, basi. Sasa nina mbwa wangu mwenyewe, huu mwaka wa tatu, na kila nikitoka naye naona kile kibao kimetutangulia njiani.

Anaitwa Mhogo. Niliachiwa na jirani wa ghorofa ya chini aliyekuwa anahamia Kisumu, pamoja na bakuli, kamba na nusu gunia la chakula. Alikuwa na jina la Kizungu, nikalibadilisha siku hiyohiyo, maana rangi yake ni ileile ya mhogo wa Coco Beach, ufukwe wa kwetu Dar, unapoopolewa kwenye mafuta, kabla haujatiwa pilipili. Wakenya wakilisikia wanacheka. Kinachowashangaza zaidi ni kwamba namwamuru kwa Kiswahili. Nairobi mbwa ni wa Kiingereza. Mtu atakuwa anapiga Sheng na mwenzake, anamjibu mama yake kwenye simu kwa Kikuyu, halafu akimgeukia mbwa anakuwa Mwingereza: "Sit! Stay!" Mimi nikisema "Kaa!" na Mhogo akakaa, watu wanasimama kutazama. "Kwani anaelewa?" aliniuliza bwana mmoja huko msitu wa Karura, uso mkavu kabisa. Nikamwambia Kiingereza alikuwa nacho, amekisahau.

Nieleze nilikotoka, msije mkaniona najifanya. Mimi ni mtoto wa Magomeni, na Magomeni mbwa hatembezwi, anajitembeza. Anatoka alfajiri, anapitia jalalani, anapitia buchani, magharibi anarudi kulala uani. Mwenyewe akiulizwa mbwa wako yuko wapi, anajibu "yupo". Mama yangu ni mtu wa swala tano. Kwake mbwa ana haki ya chakula na maji, na kumpiga bure ni dhambi, ila pua yake ibaki upande wa pili wa ua. Siku nilipomwambia kwamba namtembeza mbwa kwa kamba, na kwamba akijisaidia njiani mimi ndiye ninayezoa, alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza nazoa kwa kitu gani. Nikamweleza ukweli: Kenya walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, miaka miwili kabla yetu, kwa hiyo nakusanya pakiti tupu za unga wa ugali, zile za karatasi, nakunja moja mfukoni. "Mwanangu," akasema, "umesoma kote kule, ukaokote mavi ya mbwa kwa pakiti ya sembe."

Lakini tuseme ungetaka kumtembeza mbwa Dar, ungempeleka wapi? Coco Beach alfajiri ni raha ambayo Nairobi haitaipata milele. Mchanga wa bure, maji ya bure, mbwa anakimbizana na wimbi, hakuna geti wala anayekuuliza unatoka wapi. Ila jua la Dar halikupi muda. Uwe umeshafika saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili ikigonga muanze kurudi, kwa sababu mchanga unaanza kuunguza nyayo na mbwa ulimi uko nje hadi kifuani. Ukitoka pwani, kinachobaki ni kiwanja cha mpira cha mtaa, kama hakijaota fremu za maduka. Msitu wa Pugu upo, lakini Pugu ni safari.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba unaweza kutembea na mbwa saa sita mchana ukiwa umevaa sweta. Watu wa hapa hawajui hiyo ni neema ya namna gani. Na wana Karura.

Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, wenye mito, maporomoko ya maji, na mapango yanayosemwa walijificha wapiganaji wa Mau Mau. Mbwa wanaruhusiwa, mradi wawe kwenye kamba, na sababu yake utaiona mwenyewe baada ya dakika kumi: paa wadogo wanaokatiza njia, kima, na juu kabisa mbega wenye mikia kama shuka nyeupe iliyoanikwa. Mhogo alipomwona mbega mara ya kwanza alikaa chini bila kuambiwa. Udongo ni mwekundu, na mvua ikinyesha unarudi nyumbani na mbwa wa rangi nyingine. Jumapili asubuhi utakuta kila aina ya mtu: Wahindi wazee wanaotembea wanne wanne wakibishana, vijana wa baiskeli, wanakwaya, wazungu wa ubalozini, na mbwa wenye nywele zilizochanwa kuliko zangu.

Ule msitu ulikuwa uishe. Miaka ya tisini vipande vyake vilishagawiwa watu wajenge. Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche, na Januari 1999 wakapigwa na magenge ya walinzi wa kukodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Miaka kumi nyuma, 1989, ni mama huyohuyo aliyesimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe ndani ya Uhuru Park. Halikujengwa. Baadaye Karura ikazungushiwa uzio wa umeme, wakawekwa askari, wengi wao vijana wa vijiji vya kandokando, na msitu uliokuwa wa kuogopwa ukawa wa mama na mtoto. Mimi nikiwa mle nafikiria viwanja vya wazi vya utoto wangu vilivyoliwa kimoja kimoja, na sisi tukisema "wakubwa wameshaamua". Hapo Wakenya wametuzidi, na sioni haya kulisema. Wanapiga kelele. Kwetu tuna adabu sana, na adabu imetugharimu.

Sasa nirudi kwenye malalamiko, maana siandiki kuwasifu tu.

Karura ni ya mwenye gari. Kwangu Parklands hadi geti la Limuru Road ni karibu saa nzima kwa miguu. Matatu haiwezekani. Nilijaribu mara moja, makanga akaniangalia, akamwangalia Mhogo, akapiga bodi ya gari makofi mawili na gari likaondoka. Teksi za simu, dereva akiona mkia anaghairi safari, na ukimpata wa kukubali anataka ya juu kwa ajili ya kuosha viti. Kwa hiyo tunatembea. Ndani ya geti njia imenyooka, ina vibao na namba za makutano. Nje ya geti njia ya miguu inaanza vizuri, halafu inakuwa maegesho, halafu inakuwa mtaro, halafu ni kibanda cha maua, halafu hakuna. Bodaboda wanaitumia pia, kwa kasi. Ukitaka kuijua Nairobi halisi usiangalie bustani zake, angalia unavyofikia bustani.

Ni kwenye barabara hiyo nilikutana na yule kijana. Ilikuwa jioni, upande wa Muthaiga, saa ambayo mbwa wakubwa hutolewa nje. Usidhani wanatolewa na wenyewe. Ni watunza bustani na walinzi, gamboti miguuni, kila mmoja ameshika mbwa wawili au watatu wanaomburuta. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya zamani na kandambili. Kijana akaja akalingana nami hatua, akamsifia mbwa, kisha akashusha sauti.

"Boss, hao watu wanakulipa ngapi?"

"Watu gani?"

"Wenye mbwa."

Nikamwambia mbwa ni wangu. Akacheka kama mtu aliyeelewa kwamba sitaki kutaja mshahara mbele za watu. "Sawa, sawa. Lakini wakitafuta mwingine si utaniambia?" Akaniandikia namba yake kwenye pakiti yangu ya unga. Ilibidi siku hiyo nizoe kwa jani la mgomba.

Nilicheka njia nzima, lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliisha. Hakuwa amekosea hesabu. Katika mji huu mtu mweusi mwenye kandambili anayetembeza mbwa, tena barabara ile, kwa kawaida yuko kazini. Kumtembeza mbwa kwa sababu unampenda ni jambo la watu wenye gari la kumpeleka Karura. Wengine wote mbwa wao anafungiwa kwenye kibanda mchana kutwa, giza likiingia anafunguliwa alinde. Mbwa asiyeona mtu mchana ataacha vipi kuwa kali? Nimekosea: mkali.

Ndiyo maana watoto wa mtaani kwetu wakimwona Mhogo wanapiga ukunga na kukimbilia upande wa pili, na siwalaumu. Kila mbwa waliyewahi kukutana naye alikuwa nyuma ya geti akitaka kuwararua, au mbwa koko asiyejulikana kama amechanjwa. Kichaa cha mbwa si hadithi ya kutishia watoto, dalili zikishajitokeza kwa binadamu ni kifo. Mhogo nampeleka kwa daktari wa mifugo kila mwaka na kadi yake naitembeza kama pasipoti. Hata hivyo ni mimi ninayevuka barabara. Ijumaa mchana hasa, watu wakielekea msikitini na kanzu zao zimepigwa pasi, nahamia ng'ambo mapema nisimtie mtu wasiwasi wa udhu. Mzee mmoja ameshaligundua hilo. Sasa tukipishana ananipungia fimbo kutoka upande wake.

City Park ndiyo iliyo karibu nasi, dakika kumi na tano tu, na ningeisifia sana kama si kima. Hawaogopi mbwa, hawaogopi mtu. Mmoja alimnyang'anya mama wa watu ndizi mkononi, akapanda mti akamenya taratibu huku Mhogo akibweka hadi sauti ikakauka. Kwa hiyo siku hizi tunapita upande wa makaburi, kuliko tulivu. Amelala pale Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965 nje ya nyumba yake, na karibu naye Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, ambaye alitaka azikwe jirani na rafiki yake. Kila mara nasoma mawe yaleyale. Mhogo ananusa nyasi zilezile.

Arboretum sijawahi kumpeleka. Bustani ile ilianzishwa 1907 kujaribia miti, na leo ukiingia utakuta chini ya kila mti mtu anakemea mapepo kwa sauti, mikono juu. Akitokea mbwa katikati ya maombi hayo, sijui watamchukulia kuwa nini. Milima ya Ngong tulipelekwa na rafiki mwenye gari. Upepo unaozungusha ile mitambo ya umeme ulizigeuza masikio ya Mhogo nje ndani, na kondoo wa Wamasai walikuwa kila kona, kwa hiyo kamba sikuilegeza hata hatua moja. Pazuri, ila ni pa mara moja kwa mwaka. Mbuga ya wanyama ya jiji yenyewe, ile ya tangu 1946, usiulize. Mle wapo simba.

Wenzangu wa Dar wakiniuliza kama nirudi au nibaki, mbwa huwa simtaji, wataniona nimechanganyikiwa. Lakini ni kweli yumo kwenye hesabu. Kule ningepata bahari bila kiingilio, na pia majirani ambao wangeacha kunisalimia. Huku nina msitu usio na mfano Afrika Mashariki nzima, na nusu ya njia ya kuufikia ni mtaro. Ningekuwa na uwezo ningechukua Karura nikaipanda nyuma ya Coco Beach, na kelele za Wakenya nikazipeleka pamoja nayo kwa mzigo mmoja.

Yule kijana alipata kazi, si kwa msaada wangu. Nimemwona mwezi uliopita kwenye geti la Limuru Road, gamboti mpya, ameshika mbwa watatu wenye afya kumshinda. Nami nilikuwa na Mhogo wangu mmoja, na fulana ileile. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniambia:

"Boss, kwani bado hawajakuongeza?"