Kabla ya Kuandika Bei, Amua Unauza Nini

Mwenye nyumba ya wageni akifungua mfumo wa kuhifadhi nafasi mtandaoni kwa mara ya kwanza, mara nyingi hukimbilia kisanduku cha bei. Anaandika tarakimu, anabonyeza hifadhi, anaona kazi imekwisha. Kwangu mimi uzito uko kwenye swali dogo lililo juu ya kisanduku hicho, ambalo wengi hulipita bila kulisoma: bei hii ni ya chumba au ya mtu?

Bei ikiwa ya chumba, mgeni mmoja na wageni wawili wanalipa sawasawa. Ikiwa ya mtu, kiasi kinapanda kadiri vichwa vinavyoongezeka. Tazama gharama zako zinatoka wapi. Kama unatoa kitanda, maji na usafi tu, chumba hakikugharimu zaidi sana wakilala wawili, basi weka bei ya chumba. Kama chakula kimo ndani ya bei, kila anayelala anakula, hapo bei ya mtu ina haki yake.

Wapo wanaochagua bei ya mtu kwa sababu tu tarakimu inaonekana ndogo mgeni anapotafuta. Hilo silikubali kabisa. Mgeni anayefika hatua ya kulipa na kukuta kiasi kimekuwa maradufu anajiona amedanganywa, na ana haki. Nchini Marekani, tangu Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inawataka watoa malazi ya muda mfupi waonyeshe tangu mwanzo bei yenye ada zote za lazima. Natamani kila mfumo ufanye hivyo hata pasipo sheria.

Sasa mapunguzo, maana hapa ndipo fedha huvuja kimya kimya. Tuseme bei ya msingi ni 100 kwa usiku. Umeweka punguzo la asilimia 10 kwa anayekaa wiki nzima, 15 kwa anayekubali kutorudishiwa fedha akighairi, na 20 kwa anayehifadhi mapema. Kila moja peke yake halitishi. Lakini mifumo mingi inaruhusu mapunguzo yapandiane, na mgeni mmoja anaweza kutimiza masharti yote matatu: 100 inakuwa 90, kisha 76.5, kisha 61.2. Tovuti iliyomleta ikikata kamisheni ya asilimia 15, unabaki na 52.02. Umeuza chumba kwa karibu nusu bei, na hakuna mahali ulipoandika neno nusu.

Ndiyo maana napendelea bei moja ya msingi, na nyingine zote zitokane nayo kwa asilimia. Ukibadilisha ile moja, zote zinafuata. Anayejaza kila bei kwa mkono atasahau mojawapo siku msimu ukibadilika, na chumba kitauzwa kwa bei ya msimu uliopita. Halafu zima ruhusa ya mapunguzo kupandiana, isipokuwa umeshapiga hesabu na umeridhika.

Watoto nao wasisahaulike. Niliwahi kuacha wazi kisanduku cha mtoto nikidhani maana yake ni bure. Mfumo ule ulielewa kwamba watoto hawapokelewi, na familia zikawa hazituoni kabisa kwenye matokeo. Nilipoandika 0, tukaanza kuonekana. Sifuri na kisanduku kitupu si kitu kimoja, na iliniuma kulijua hilo baada ya wiki kadhaa.

Siku hizi, kabla ya kufungua kalenda ili wageni waanze kuhifadhi nafasi, nafanya majaribio matatu nikijifanya mgeni: mtu mmoja usiku mmoja, watu wazima wawili na mtoto kwa siku tatu zinazopita wikendi, na wawili kwa wiki nzima. Nakokotoa kila moja kwenye karatasi, kisha naangalia jumla iliyo kwenye skrini. Zikitofautiana hata kwa kiasi kidogo, kalenda inabaki imefungwa mpaka nijue kwa nini.