Bwana TBA na Masomo Yake 38

Muhula ukikaribia, chuo kizima kinauliza swali moja: "Ratiba iko wapi?" Mwenyekiti wa idara anaitisha ratiba, makomredi wanaitisha ratiba, hata mama wa kantini anaitisha ratiba ajue siku ya kupika chapati nyingi. Lakini thubutu uziombe idara orodha ya masomo, idadi ya wanafunzi na majina ya wahadhiri. Simu zote zinazima kama stima ya Nairobi mvua ikinyesha.

"Si kompyuta inapanga yenyewe?" Inapanga, bana. Weka FET, programu ya kupanga ratiba ambayo ni ya bure, weka programu ya mamilioni, zote zina tabia moja: zinaamini kila zinachoambiwa. Hazijui kwamba idara imekisia. Hazijui kwamba karani alijaza fomu akikimbilia matatu. Kubonyeza kitufe cha kupanga ni kazi ya mwisho na ndiyo ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni kusumbuana na watu wazima wenye shahada tatu kuhusu jedwali la safu nane.

Mchukue Bwana TBA. Fomu zikirudi, kila somo lisilo na mwalimu limeandikwa TBA (to be announced, yaani atatangazwa baadaye) pale pa jina, kwa sababu pati-taima, walimu wa muda, hawajathibitishwa. Idara hii ina sita, ile ina kumi na moja, ukijumlisha chuo kizima unapata 38. Binadamu akisoma TBA anaelewa "tutaona mbele." Kompyuta inaona mfanyakazi hodari ajabu: mtu mmoja, masomo 38, saa 3 kila moja, jumla saa 114 kwa wiki. Wiki yenyewe, 0800 hadi 1700, Jumatatu hadi Ijumaa, ina saa 45. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kusimama vyumba viwili kwa wakati mmoja, programu inagoma, halafu mkubwa fulani anatangaza kwenye mkutano kwamba programu ni mbovu.

Dawa yake ni mbili. Unaweza kuacha nafasi ya mwalimu wazi, FET inakubali kipindi kisicho na mwalimu. Ubaya wake ni kwamba mwalimu akipatikana atakuta masomo yake mawili yamewekwa saa ile ile, na lawama utazibeba wewe. Afadhali idara iseme itaajiri watu wangapi, uwape majina ya bandia: TBA-HESABU-1, TBA-HESABU-2, kila mmoja na mzigo wa kibinadamu wa masomo manne au matano. Idara ikisema haijui itaajiri wangapi, waulize wanajua masomo ni mangapi. Gawanya.

Sasa, TBA ni wengi waliofanywa mmoja. Daktari Kamau ni mmoja aliyefanywa wengi. Kwenye fomu moja ni "Dkt. Kamau J.", kwenye nyingine "J. Kamau", idara jirani wamemwita "Kamau John", na mmoja mwenye heshima zake amempandisha cheo, "Prof. Kamau." Kompyuta haina umbea, haijui ni mtu yule yule. Inampa Jumanne 0800 mjini na Jumanne 0800 Kikuyu, na inakupa pongezi kwamba hakuna mgongano hata mmoja. Kwa hivyo jina ni pambo tu. Kinachotambulisha mtu ni namba ya PF, ile ya faili lake la kazi, na asiye na PF mpe namba ya ofisi yako. Usitumie namba ya simu. Wakenya tuna laini mbili mbili.

Na akiandika "Kamau, J." yenye koma, ukihifadhi faili kama CSV, ambayo hutenganisha safu kwa koma, kisha ukaiingiza bila alama za kunukuu, koma hiyo inakata safu: Kamau anabaki kwa mwalimu, J anaingia kwa chumba, na wanafunzi 85 wanasukumwa hadi kwenye safu ya projekta.

Tukija kwa Excel, mimi nimenyoosha mikono. Andika "2-1" ukimaanisha mwaka wa pili muhula wa kwanza, Excel inakugeuzia tarehe, na kama ni Januari ama Februari itategemea mipangilio ya hiyo mashine. Andika "2.10", inafuta sufuri, unabaki na 2.1. Usidhani ni sisi wanyonge tu. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT2, Excel ikawa inazigeuza tarehe kila kukicha, hadi mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina ya jeni. Excel ilibaki pale pale hadi 2023, ilipoweka njia ya kuzima tabia hiyo. Kwa hivyo chagua safu nzima, ifanye ya maandishi KABLA ya kuandika chochote. Ukibadilisha baadaye umechelewa, tarehe imeshakuwa namba kama 46024 na hakuna anayekumbuka ilikuwa darasa gani.

Kuna pia adui asiyeonekana. Kodi (code) ya somo ikiandikwa "SMA 201", "SMA201" na "SMA 201" yenye nafasi mkiani, kwa kompyuta hayo ni masomo matatu tofauti. TRIM inaondoa nafasi za kawaida za mwanzoni na mkiani, lakini ile nafasi inayokuja mtu akinakili kutoka kwa PDF ama tovuti ni herufi namba 160, na TRIM inaiangalia tu. Ibadilishe kwanza kwa SUBSTITUTE na CHAR(160), ndipo ulete TRIM. Na tafuta mtu aliyeandika herufi O badala ya sufuri. Yuko. Kila muhula yuko.

Saa nazo! Fomu inasema kipindi ni "saa 2-5". Mwingine amemaanisha saa mbili asubuhi yetu, mwingine amemaanisha alasiri ya Kizungu, na wote wawili wako ofisi moja na wanakunywa chai pamoja. Mashine yenyewe inasoma 0200, yaani saa nane usiku, wakati hata askari wa geti amelala. Kubali namna moja tu: tarakimu nne, 0800-1100, 1400-1700. Fomu yenye "saa 2" irudi kwao hata kama imeletwa na mkuu wa kitivo mwenyewe, kwa heshima zote, Prof.

Sasa vyumba, hapa ndipo maji huzidi unga. Chukua chuo chenye vyumba 20 na vipindi vitatu vya saa 3 kwa siku. Kwa siku tano ni vipindi 15, mara vyumba 20 ni nafasi 300. Masomo ni 240. Mkubwa anafurahi: "Si tunabaki na 60 za ziada!" Hiyo ni hesabu ya kuhesabu viatu bila kuuliza saizi. Kumbi zinazobeba zaidi ya watu 120 ziko mbili, kwa hivyo nafasi zake ni 30. Masomo yenye wanafunzi zaidi ya 120 ni 36. Hapo hata ukiazima kompyuta ya NASA, masomo sita yatabaki nje, na hilo ulilijua kwa kalamu na karatasi kabla ya kuwasha mashine. Kwa hivyo panga masomo kwa ukubwa, panga vyumba kwa ukubwa, uhesabu kila daraja peke yake. Hayo masomo sita ama unayagawa makundi mawili mawili, ambayo inamaanisha mwalimu afundishe mara mbili na aanze kuulizia malipo, ama unafungua jioni, 1730 hadi 2030. Kumbi mbili mara siku nne ni nafasi nane, zinatosha. Nimesema siku nne kwa sababu Nairobi jua linazama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na Wasabato wanaanza Sabato Ijumaa jua likizama. Weka hilo kwenye data pamoja na swala ya Ijumaa mchana, usingoje kuletewa barua.

Na hiyo "uwezo 60" ya chumba ilitoka kwa ramani ya mkandarasi. Nenda na daftari uhesabu viti. Utapata 41 vizima, vinane visivyo na mkono wa kuandikia, na vilivyobaki vimerundikwa nyuma miguu juu. Andika 41. Kwa mitihani weka safu nyingine, kwa maana wakikaa mbalimbali nusu ya nafasi inaenda. Chumba nacho kipewe kodi moja tu, maana "LH3", "Ukumbi wa Tatu" na "pale juu ya kantini" ni chumba kimoja kilichopangiwa madarasa matatu.

Idadi ya wanafunzi ni kitendawili. Orodha ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, inakuambia waliopangiwa chuo, siyo watakaoripoti. Wanaoendelea wengi hujisajili wakipata karo, muhula ukiwa umeshaanza. Tumia idadi ya waliofanya mtihani wa muhula uliopita. Wanaorudia masomo usiwafanye sharti la lazima: komredi mmoja wa mwaka wa tatu mwenye riteki ya mwaka wa kwanza anaweza kufunga vitivo viwili kwa kamba moja.

Masomo ya pamoja kama stadi za mawasiliano huja kwenye fomu za idara tisa. Ukiyaacha hivyo unapata madarasa tisa na mwalimu mmoja. Ukiyaunganisha kichwa kichwa unapata watu 700 kwenye chumba cha 41. Teua idara moja iwe mwenye somo, unda makundi kulingana na kumbi, kisha ambatisha kozi za shahada kwa makundi. Masomo ya hiari, mwanafunzi akichagua moja kati ya sita, yaweke yote sita saa ile ile. La sivyo mashine itayalinda yasigongane, na yakijumlishwa na saba ya lazima, darasa moja limekula vipindi 13 kati ya 15.

Maabara nayo: wanafunzi 120, meza za 30, basi makundi manne, sawa. Lakini fundi wa maabara ni mmoja. Mwingize kwenye data kama mwalimu wa pili, la sivyo atajikuta maabara mbili kwa wakati mmoja akiwa na kiberiti.

Yamebaki matakwa ya wahadhiri. Kila mmoja "hapatikani kabisa" Jumatatu na Ijumaa. Ukiyaweka yote kama sharti gumu, unabaki na siku tatu, nafasi 180, masomo 240. Endesha kwanza bila takwa lolote. Ikikubali, ongeza machache, endesha tena. Ikigoma, aliyeingia mwisho ndiye mshukiwa, na FET itakuonyesha kipindi kilichokwama. Wanasayansi wa kompyuta Even, Itai na Shamir walithibitisha mwaka 1976 kwamba tatizo hili la ratiba ni NP-complete, yaani hakuna njia ya mkato inayojulikana. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtu anayetaka tu Jumatano saa tano.

Rasimu ikitoka, idara zipewe siku tatu za kulalamika, kwa kuandika kodi ya somo na kosa lenyewe, siyo "ratiba yetu ni mbaya." Zikiisha, hakuna kuhamisha, ni kubadilishana tu: anayetaka kutoka alete mwenzake aliyekubali kuingia, na vikundi vya wanafunzi wa pande zote mbili vikaguliwe. Na asije mtu mlangoni kuniambia, "Nitafutie tu kanafasi kadogo." Kipindi ni saa 3. Kadogo ni kapi?