Chuo chenye masomo makali au chuo chenye raha, uende wapi?

Umechaguliwa vyuo viwili, kozi ileile. Kimoja kinasifika kwa masomo, ukiuliza unaambiwa kule ni kitabu tu, kingine kina vikundi, michezo, kila wikiendi kuna jambo. Wazee wanavutia kwenye jina, washkaji wanavutia kwenye raha na siku za kuthibitisha nafasi zinazidi kuisha. Kila upande una hoja, shida ni namna tunavyozipima.

Tuanze na jina. Mwaka 2002 wachumi Stacy Dale na Alan Krueger wa Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha watu waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, vikubwa na vya kawaida, ila wengine wakaenda chuo kikubwa na wengine wakachagua cha kawaida, na kwa wastani mishahara yao baadaye haikupishana sana. Waliofaidika wazi na chuo kikubwa ni wale wa familia zenye kipato kidogo. Hainishangazi, maana mtoto asiye na mjomba ofisini chuo ndo kinamkutanisha na watu. Kwa hiyo kama kwenu hakuna wa kukushika mkono, usikubali kuambiwa jina si kitu.

Sasa hii ya maisha ya chuo watu wanaidharau sana, wanaona ni bata tu. Mwanasosholojia wa Marekani, Vincent Tinto, tangu 1975 alieleza kwamba wanaoacha chuo si lazima wawe wamefeli, wengi hawakuwahi kujiona sehemu ya pale, hawana walimu wala wenzao walioshikamana nao. Na ndivyo inavyokuwa, mtu anajifungia chumbani, hana wa kumuuliza swali dogo, testi inapangwa upya hana habari, anakuja kushtuka ana sapu tatu na nyumbani hajamwambia mtu. Huyo hakukosa akili, alikosa watu.

Ila watu haohao wanaweza kukuzamisha. Mchumi Bruce Sacerdote, 2001, aliangalia chuo cha Dartmouth kule Marekani ambako wa mwaka wa kwanza walipangiwa vyumba kama bahati nasibu, akakuta rumeti anagusa GPA yako na hata uamuzi wako wa kujiunga na vikundi vya starehe. Kama we ni mtu wa kusombwa na kundi, hilo lifikirie kwa uzito kabla ya kwenda chuo cha raha.

Mi naona tunakosea kulinganisha chuo na chuo wakati we utasoma kwenye idara. Chuo kina jina kubwa, idara yako ina lekchara mmoja anayebeba kozi nne, itakusaidia nini? Mtafute wa mwaka wa tatu umuulize asaimenti zinarudi na maelezo au alama tupu, kwenye maabara mnagawana kifaa kimoja watu wangapi, lekchara ukimfuata ofisini unamkuta? Na kama ni udaktari, uhandisi au sheria, hakikisha kwanza kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma hiyo, isipotambuliwa achana nayo.

Idara zikikaribiana, mi ningechukua chuo chenye watu na nisingeona aibu kusema hivyo. Zikiachana mbali ningefuata masomo, ila wiki ileile ya kwanza natafuta kikundi kimoja, kwaya, mpira, mdahalo, chochote kile, kabla asaimenti hazijaanza kurundikana.